Foleni Sebuleni

Ijumaa saa nne asubuhi mafundi walifika kwenye ofisi ya vyeti vya kuzaliwa wakaondoa kompyuta zote za mezani. Karani wa dirisha la tatu alipangusa vumbi mahali ilipokuwa yake, akatia saini kupokea laptopu. Mkuu wa ofisi alisema hicho ni chombo cha kupakata, kwa hiyo kuanzia sasa kazi haina kuta. Karani hakuwa na wasiwasi. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akichapa bila kutazama vidole.

Jumamosi asubuhi aliiweka laptopu kwenye meza ya kulia chakula, akaifungua. Foleni ikaingia sebuleni. Watu walisimama kwa zamu zao zilezile za ofisini, wa kwanza kando ya kabati la vyombo, wa mwisho nje kwenye ngazi. Wawili walikuwa bado na miswaki mdomoni.

Mama mkwe wake alitoka chumbani akawatazama.

"Hawa wote ni wa kwako?"

"Wa ofisini, mama. Wamekuja na laptopu."

"Basi wavue viatu."

Karani alipiga kazi. Kufika saa sita alikuwa amewahudumia ishirini na mmoja. Aliyefuata alikuwa fundi cherehani, na binti yake. Miaka sita karani alikuwa akimwambia fundi huyu "njoo wiki ijayo" kupitia tundu la kioo. Hapa hapakuwa na kioo. Fundi alikaa kwenye kochi, magoti yake na ya karani yakikaribia kugusana.

"Unangoja nini, baba?" mama mkwe akamuuliza.

"Cheti cha huyu. Bila hicho hawamsajili kwa mtihani. Wenzake wameshamaliza shule."

Karani alifungua faili. Kila karatasi ilikuwemo. Ilikosekana tu idhini ya mkuu, inayotakiwa kwa wanaoandikishwa wakiwa wakubwa. Akampigia simu.

"Mzee, faili la fundi limekamilika. Fungua laptopu yako ubonyeze idhini, ni dakika moja."

"Yangu iko mkobani."

"Si uitoe?"

"Nikiifungua watahamia kwangu. Nimetandika zulia jipya."

"Basi nikuletee yangu."

"Utaratibu hauruhusu. Jumamosi njema."

Karani aliweka simu mezani. Uso ulimchoma, lakini hakuuinamisha.

"Fundi, karatasi zako zilitimia tangu mwaka wa kwanza," alisema. "Nilikuwa nakurudisha bila hata kuangalia. Nisamehe."

Fundi alikuna kidevu. Binti ndiye aliyejibu: "Basi tutakuja Jumamosi ijayo."

Wakaja, na nyingine, na nyingine. Majirani walimwazima karani mabenchi. Karani alichapa kwa kasi, akamkatalia mkuu kila alipomwomba aandike kwamba fundi hajaleta karatasi. Mwisho wa mwaka foleni yote ilikuwa imekwisha isipokuwa hao wawili. Ofisi ilipewa tuzo ya utendaji, na mkuu akaenda kuipokea mkobani mwake mkiwa na laptopu ambayo haijawahi kuwashwa.

Siku ya kwanza ya mtihani binti alikuwa pale sebuleni, akipinda mapazia ya mama mkwe kwa mshono ulionyooka kama rula.

"Una miaka mingapi, mwanangu?" mama mkwe akamuuliza.

"Kwa baba, ishirini mwezi ujao," alisema, akikata uzi kwa meno. "Kwa ofisi, bado sijazaliwa."

Mama mkwe akamsogezea pazia la pili.