Malisho ya Bridget

Zipporah aliyasikia makofi akiwa jikoni, na akajua bila kuuliza kwamba yanapigiwa mdogo wake. Jumapili hiyo ilikuwa zamu yake kukaribisha chama, na akina mama walikuwa wamebanana sebuleni kwake Edmonton, huku ughaibuni, magoti yakigusana, wakingojea githeri na kuku. Yeye ndiye aliyetoka kazini kwenye nyumba ya wazee akaingia moja kwa moja kupika. Makofi yakamwendea Bridget.

"Makofi ya kilo, jameni! Dada yetu anaokoa ndege!"

Naye Bridget, kwa ule unyenyekevu wake unaomuudhi Zipporah kuliko majivuno, akaeleza. Lile bonde la nyasi aliloachiwa na baba yao kule Kinangop hatalikata vipande wala kulilima. Ataliwekea sharti la hifadhi, litakalosimamiwa na shirika la wahifadhi. Ardhi itabaki yake, ng'ombe watalisha humo kwa kiasi, ila jembe halitaingia, wala nyumba. Sharti lenyewe litaandikishwa kwenye hati ya ardhi, limfunge yeye na yeyote atakayeimiliki baada yake. Kuna ndege mdogo wa kifua cha manjano anayetaga katikati ya nyasi zile, na nyasi zikilimwa hana pengine pa kwenda.

Ndege! Zipporah alipakua githeri kwa kishindo hadi mchuzi ukamrukia mkononi. Roho ilimuuma, na tusifichane, haikuwa mara ya kwanza. Bridget alipopata kazi ya ofisini, ilimuuma. Bridget alipopunguza mwili bila hata kujinyima chapati, ilimuuma zaidi. Lakini hili la leo lilipita yote, kwa sababu malisho hayo Zipporah aliyakataa mwenyewe.

Marehemu baba yao aliwaita wote wawili akamwambia mkubwa achague kwanza. Zipporah akachukua upande wa barabara, penye stima na maji. Huko ndiko alikopanga kujenga nyumba ya kuzeekea, siku atakapoziaga baridi na mabasi ya alfajiri. Ndiyo ndoto iliyomwamsha kwenda kazini miaka yote hii. Mdogo wake akabaki na bonde ambalo mvua ikinyesha ni tope tupu. Zipporah alicheka siku ile. Sasa makombo yake yanapigiwa makofi, na nyumba yake ya ndotoni hakuna aliyewahi kuipigia hata kofi moja.

Wageni walipoondoka, Bridget alibaki akimsaidia kukausha vyombo.

"Dada, wakili Zephaniah anasema title bado ni moja, iko kwa jina la baba. Usipokubali tuigawanye, hakuna kitu itaendelea."

Basi kumbe! Bila yeye, ndege wa Bridget hana pa kutaga. Zipporah aliusikia utamu wa jambo hilo hadi kwenye meno.

"Baba alikupendelea," akasema.

"Si wewe ndiye ulichagua?"

"Nilichagua nikiwa sijui. Tubadilishane. Wewe chukua ya barabarani, mimi nichukue malisho. Hiyo hifadhi nitaiweka mimi."

Bridget aliikausha sahani ambayo ilikuwa imekauka zamani. "Uta-sign kweli? Hautageuka ukate plots?"

"Nita-sign."

"Basi sawa, dada. Mimi nataka tu nyasi zibaki. Jina si kitu."

Jina si kitu! Hata kushinda, Zipporah hakuachiwa ashinde kwa raha.

Mumewe Kamande, aliyekuwa akijiandaa kwenda kazini ghalani, aliyasikia yote kutoka kwenye ngazi. "Na nyumba yetu tutajenga wapi, Mama Emma?"

"Hapo hapo kwa nyasi. Kwani miradi hatuijui? Wataleta bango, wataleta fulana, watapiga picha. Baada ya miaka mitano wafadhili wamechoka, wameenda zao. Tunajenga."

"Hii si project. Hii ni title."

"Baba Emma, utachelewa basi."

"Mchagua jembe si mkulima," Kamande akasema, akavaa koti lake akatoka.

Miezi ikapita, hati ikagawanywa, jina la kila mmoja likakaa mahali pake. Siku ya kuweka sharti, wakili Zephaniah aliwasomea kila kifungu kwa simu ya video, na kwenye kifungu cha nyumba akamuuliza Zipporah mara mbili kama ameelewa. Zipporah hakuwa akimtazama wakili. Alikuwa akimtazama Bridget, aone kama anaumia. Akajibu ndiyo, na ndiyo.

Chama kilipokutana Ilford, yeye ndiye aliyesimama. Alieleza habari za ndege kana kwamba alikuwa amemlea mwenyewe kwa uji. Makofi ya kilo yakapigwa, mengine ya nyongeza, na mama mchungaji akamwombea. Zipporah alikula kuku wa watu akiwa na raha ambayo hakuwa ameionja tangu utotoni.

Raha hiyo ndiyo iliyompa ujasiri. Wakiwa na Bridget stesheni, wakingojea treni ya kurudi, akampigia wakili.

"Bwana Zephaniah, hii milele yenu ni ya miaka mingapi? Nataka kujua lini nitachimba msingi."

"Mama, milele ni milele. Ukiuza, linabaki. Ukirithisha, linabaki. Hata hao wahifadhi wakifunga ofisi, wengine watakabidhiwa. Si nilikuuliza mara mbili?"

"Basi futa. Turudishiane, kila mtu achukue yake."

"Ya barabarani sasa ni ya Bridget, mama. Hiyo utamwomba mwenyewe."

Zipporah alikata simu. Treni ikaja, milango ikafunguka, ikajifunga, ikaondoka bila wao. Machozi yalimtoka mbele za watu, na hakujali.

Bridget alimshika bega. Hakucheka. Lau angecheka, ingekuwa afadhali.

"Dada, usilie. Jenga kwangu. Nitakukatia pa nyumba, karibu na stima, na jina likae lako kabisa. Hatuwezi kukosana juu ya hiyo. Mimi pia nitajenga hapo siku moja, tutakuwa tunaitana chai."

Alimaanisha kila neno. Zipporah alimjua tangu akiwa mgongoni mwake. Akafuta uso kwa kiganja, akafungua kinywa amwambie asante. Asante ilikuwa pale pale kwenye ulimi.

"Na yako," akauliza, "utaijenga mbele yangu ama nyuma?"