Mtihani wa Safu ya Nyuma

Viti vilikuwa vinatoka Chumba cha Nne juu ya vichwa vya vibarua, na Ticha Rudia alisimama mlangoni, kinasa sauti kwapani, akivitazama kama mpangaji anayetolewa vyombo nje.

"Jamani, hiki ni chumba cha mtihani."

"Sisi tumeambiwa viti, ticha," kibarua mmoja akajibu bila kusimama. "Ukiwa na ugomvi na viti, nenda kwa Mkuu."

Jina lake halisi lilibaki kwenye ratiba tu. Chuo kizima, kuanzia wapishi wa kantini hadi walinzi wa getini, kilimwita Ticha Rudia, maana miaka yote aliyofundisha Kifaransa hakuna neno lililomtoka mdomoni mara nyingi kuliko hilo. Ukikosea, rudia. Ukipatia, rudia pia, usije ukawa umebahatisha. Alikuwa mwalimu wa muda, na muda wenyewe ulishamtoa mvi. Mkataba wake ulizaliwa na kufa kila muhula. Wa muhula ujao ulikuwa bado mezani kwa Mkuu wa Kitivo, haujasainiwa.

Ndani ya chumba alibaki mwanafunzi mmoja, ameegemea ukuta kwa kukosa pa kukaa. Huyo walimwita Msusi. Nusu ya vichwa vya bweni la wasichana vilipita mikononi mwake, ndivyo alivyopata ada, na humohumo kwenye vichwa vya watu ndimo alimosomea. Kila msuko na kitenzi chake. Wasichana wa uhasibu waliingia chumbani kwake kusukwa, wakatoka wanajua vitenzi vya Kifaransa visivyowasaidia chochote, na hao ndio waliokuwa wakisimulia kantini: Msusi akishika nywele, Kifaransa kinamtoka mpaka unamwomba apumzike. Lakini mkalishe mbele ya watahini wawili, mikono imelala mapajani, ulimi unakauka kama umelamba chaki.

Mtihani wa kuzungumza alishaufeli mara mbili. Leo ilikuwa ya tatu, na kanuni za chuo hazikuwa na ya nne. Alama zilitakiwa ofisini kabla ya saa saba mchana. Asiyekuwa nazo alifunga begi.

"Ticha, sasa inakuwaje?" akauliza.

Kabla hajajibiwa, Mkuu mwenyewe alitokea koridoni, tai imekaza, simu mbili mkononi.

"Ticha, mbona bado uko huku? Semina inaanza."

"Mkuu, nina mtihani. Ratiba ilitoka ofisini kwako. Nipe hata stoo, dakika kumi tu."

"Mtafanya semina ikiisha."

"Itaisha jioni. Na alama ni saa saba."

"Ninyi watu wa lugha bwana, kila kitu dakika ya mwisho." Mkuu alikuwa ameshaanza kuondoka. "Mahudhurio yanachukuliwa mlangoni. Asiyesaini, nisimwone anakuja kuulizia mkataba."

Msusi akamtazama ticha. Ticha akatazama sakafu, pale miguu ya viti ilipoacha michirizi.

"Twende," akasema. "Hukohuko."

Ukumbi ulikuwa umejaa. Juu ya jukwaa kulikuwa na kitambaa kikubwa: ARI NA USTAHIMILIVU KWA WALIMU WA LUGHA. Mhamasishaji aliyekodiwa kutoka mjini alikuwa anatembea huku na huko na kipaza sauti, suti inang'aa, viatu vinang'aa, jasho nalo linang'aa.

"Semeni: NAWEZA!"

"Naweza," wakaitikia walimu, kama watoto wanaoamkia wageni kwa lazima.

"Mshahara hauleti ari! Ari inatoka wapi? Inatoka hapa!" Akajipiga kifua kwa kipaza sauti, spika zikalia duu.

"Yeye kalipwa kabla hajapanda jukwaani," mwalimu wa Kijerumani akanong'ona, na safu mbili nzima zikakohoa kuficha kicheko. Hao walikuwa wanadai mshahara tangu muhula uliopita.

Safu ya nyuma kabisa ilikuwa ya viti vya Chumba cha Nne, namba imepakwa rangi mgongoni. Kwenye kimojawapo alikaa Bibi Lafudhi, mtahini wa pili, mama mtu mzima aliyebakiza muhula mmoja astaafu. Alikuwa hamwogopi mtu, labda ngazi, kwa ajili ya magoti yake.

"Nimewasubiri," akasema. "Viti ni vya mtihani, watahini ni sisi. Chumba ndicho kilichohamia huku. Kaa, binti yangu."

Ticha Rudia akaweka kinasa sauti gotini, akakiwasha, akachomoa kadi ya swali. Kadi zenyewe zilikuwa kuukuu, zimeshikwa na vizazi vya wanafunzi mpaka kingo zimeota manyoya. Akamwuliza kwa Kifaransa, kwa sauti ya chini: simulia safari yako ya mapumziko milimani, kwenye theluji.

Msusi akaikodolea macho. Midomo ikafunguka, ikafumba. Mikono imelala mapajani.

"Rudia swali akilini, usiogope," ticha akanong'ona. Tangu mwaka wa kwanza alimwona binti huyu akija darasani na vidole vilivyovimba kwa kusuka usiku kucha, akikaa mbele, akirudia. Wenzake wa darasa walishahamia kozi zenye ajira. Yeye alibaki. Kuna siku darasa zima lilikuwa yeye na ticha, na somo likaenda kama kawaida.

Jukwaani: "Anayeshindwa ni yule anayejiambia hawezi!"

"Mwambie afunge mdomo huyo," akasema Bibi Lafudhi. Akavua kitambaa chake kichwani, nywele nyeupe zikatawanyika mabegani. Akageuza kiti, akampa Msusi kisogo. "Theluji yenyewe mimi sijaiona. Tupa kadi. Nisuke."

"Bibi! Hapa?"

"Unataka nikupeleke saluni? Nisuke, unieleze nani alikufundisha kazi hii. Kwa Kifaransa."

Msusi akachomoa kitana kwenye pochi. Akapasua njia ya kwanza kuanzia utosini, vidole vikashika, vikaanza kukimbia. Na ulimi nao ukaanza.

Alianza taratibu, kwa shangazi yake. Shangazi alimfundisha kusuka kwenye kizingiti cha jikoni, njia ikipinda anampiga vidoleni na kitana. Shangazi alikuwa akiuza barafu mtaani. Siku barua ya chuo ilipofika akaliuza friji lenyewe, akasema maji ya moto ni mazuri kwa meno. Msusi alisimulia jinsi majirani walivyomcheka, eti ameuza friji ili mtoto akajifunze kusalimia wazungu. Vitenzi vilikuja vimevaa nyakati zake, sawasawa. Alipokosea kimoja, alikisimamisha mwenyewe na kukirudia bila kuambiwa. Bibi Lafudhi alimkatiza kwa maswali ya mtego, naye akayajibu, akamtania Bibi kwamba kichwa chake kina njia mbovu kuliko barabara za mtaani kwao. Bibi Lafudhi akacheka kwa sauti.

Msusi alikuwa amesahau kunong'ona. Ukumbi ulikuwa umenyamaza na watu wamegeuza shingo. Ticha Rudia alisikia tu mkanda ukizunguka gotini mwake, na akajua: amefaulu. Siyo kwa kuonewa huruma.

"Mwaona!" Mhamasishaji akapiga kelele, akiteremka jukwaani mbio. "Mwaona ustahimilivu? Anasoma huku anafanya kazi! Hii ndiyo ari! Binti, njoo!"

Akamvuta hadi jukwaani, kitana mkononi. Watu wakapiga makofi. Mkuu akapanda haraka, akasimama kando yake, wakapigwa picha. Hakuna aliyemwuliza jina, wala alikuwa anasema nini.

Kabla ya saa saba Ticha Rudia alikuwa ofisini na alama, sahihi mbili chini.

"Mtihani gani huu?" Mkuu akauliza. "Mtahini anasukwa nywele! Kanuni zinasema chumba cha mtihani."

"Chumba mlikichukua."

"Ungeomba kingine."

"Si nilikuomba asubuhi, Mkuu? Pale koridoni."

"Kwa maandishi?"

Ticha akaisogeza karatasi ya alama karibu naye zaidi.

"Unaona? Siwezi kupokea hii." Mkuu akairudisha karatasi kwa kidole kimoja. "Nasikitika, kwa kweli. Binti ana kipaji. Halafu, nilitaka kukuita. Picha ile imetoka vizuri sana. Tunaitengenezea bango la getini, wageni wa udhamini wanakuja. Chini tuweke maneno ya Kifaransa, ionekane lugha inafundishwa hapa. Niandikie sentensi mbili."

"Bango la nani, Mkuu?"

"La huyo binti. Na mkataba wako nimeukumbuka, tutauangalia wiki ijayo."

Ticha Rudia alivuta kiti. Kisha akaomba kalamu. Akaandika polepole, kila herufi na alama yake juu, akasukuma karatasi mezani. Mkuu akaikodolea macho kama mtu anayetazama mchoro wa bomba.

"Inasema nini?"

"Inasema mwanafunzi wetu hakukata tamaa."

"Safi. Iandikwe kubwa."

Jumatatu bango lilikuwa juu ya geti, refu kama ukuta wa nyumba: Msusi na kitana chake, Mkuu anatabasamu kando. Chini yake ndipo Msusi mwenyewe alipopita, begi mkono wa kulia, ndoo yenye sufuria mkono wa kushoto. Ticha Rudia alikuwa amembebea godoro.

"Wewe si ndiye huyo wa pale?" mlinzi akamwambia kwa furaha. "Umekuwa staa! Wameandika nini hapo chini?"

Msusi akainua macho. Akayasoma maneno kimoyomoyo, akamgeukia ticha, akayatazama tena. Mikono yote miwili ilikuwa imejaa, haina pa kushika wala pa kusuka. Akasoma kwa sauti, kwa Kifaransa: Msichana huyu alifaulu mtihani wake Ijumaa. Leo tumemfukuza.

"Rudia," akasema Ticha Rudia.

Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, na lafudhi imenyooka. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliokuwa wanaingia wakasimama na madaftari yao. Mmoja wao, aliyekuwa akihesabu maneno kwa midomo, akacheka kwa kufurahia kwamba ameelewa. Kisha akaelewa, akaacha kucheka.