Mawe Kwenye Pindo la Sketi

Sketi ya shule ya Salome ilikuwa na pindo la vidole vinne. Bibi Scolastika aliishona hivyo kwa makusudi, ili mjukuu akirefuka alifumue kidogo kidogo. Halikufumuliwa hata mara moja. Salome alipimwa shuleni akiwa na miaka sita, mizani ikasema kilo kumi na tano, akapandishwa pikipiki kupelekwa hospitali. Alirudi kijijini Mwakitolyo amefungwa kwenye shuka.

Tangu hapo Bibi akawa na lake moyoni: mtoto akionekana mwepesi kwenye mizani, anachukuliwa.

Sasa sketi hiyohiyo aliivaa Ritha, mdogo wake Salome. Ritha alikuwa na miaka minane, miwili zaidi ya aliyokuwa nayo dada yake alipokufa, na sketi ilimpwaya hata ikabidi kiunoni aikaze kwa kipande cha kanga. Mama yao alikuwa mbali, huko Runzewe, akipikia wachimbaji wa dhahabu. Nyumbani walikula michembe ya viazi vikavu asubuhi, na jioni ugali wa muhogo kwa mlenda. Mashamba ya mtama ya zamani yalikuwa yamegeuka mashimo.

Siku za kupimwa uzito shuleni, Bibi alifumua pindo, akapanga ndani vipande vya mawe alivyookota kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, akalishona upya kwa uzi mweusi. Mwezi wa pili aliweka kilo moja. Mwezi wa sita, kilo mbili.

"Ritha anaongezeka, Bibi," Mwalimu Onesmo alimwambia akicheka. "Alikuwa kumi na tisa, sasa kumi na tisa na nusu. Uji wa karanga na maziwa tutawaachia wenzake waliopungua."

"Asante, Mwalimu," Bibi akajibu, akashusha pumzi.

Lakini Ritha akitembea, mawe yaligongana. Kwa nyuma, kwa ile shingo nyembamba na yale masikio yaliyochomoza, Bibi alimwona mwingine kabisa. Siku moja jina likamponyoka: "Salome!"

"Abee, Bibi," Ritha akaitika, wala hakugeuka kushangaa.

Mwezi wa tisa, asubuhi ya kupimwa, Bibi alibeba mawe yake kwenye kitambaa hadi dukani kwa Lalji ili ajue uzito kabla ya kushona. Ritha alikuja naye. Njiani alisimama kupumzika mara tatu.

"Shikamoo, Bibi," alisema Lalji. Alizaliwa mtaa huohuo, na utani wake ulikuwa wa hapohapo. "Umekuja tena na vito vyako? Lete nione."

Akaweka mawe kwenye mizani ya sukari.

"Kilo tatu! Mwezi wa pili ilikuwa moja. Mawe yako yananenepa, Bibi. Unayalisha nini?"

Wateja wakacheka. Bibi hakucheka. Alimtazama Ritha aliyekaa kwenye gunia la chumvi, magoti yameyazidi mapaja kwa unene. Kumi na tisa ondoa moja. Kumi na tisa na nusu ondoa mbili. Hesabu ya darasa la pili, na yeye alimaliza la saba.

"Bibi," Ritha akanong'ona, "weka na hili. Niliokota jana. Nisichukuliwe."

Alifungua kiganja. Jiwe lilikuwa na joto la mkono wake.

Bibi alilipokea, akayakusanya yote, akamshika mtoto mkono hadi shuleni. Foleni ilikuwa ndefu. Ilipofika zamu yao, alimwaga mawe kwenye saruji mbele ya mizani.

"Bibi kaleta kifusi shuleni!" mtoto mmoja akapiga kelele, darasa zima likaangua kicheko.

"Mwalimu, haya ndiyo yaliyokuwa yakiongezeka," Bibi akasema. "Niliyashona mimi. Mpime mtoto."

Ritha akapanda. Kilo kumi na saba. Kicheko kikakatika. Mwalimu Onesmo alitazama daftari, akatazama mawe, halafu akamgeukia Bibi.

"Mama yangu," alisema taratibu, "huyu anakwenda kituo cha afya leo hii. Naita pikipiki."

Pikipiki ilipokuja, Ritha alimng'ang'ania shingoni.

"Ulisema hawatanichukua!"

"Hakuna anayekuchukua, ng'wanone, mwanangu. Nakupeleka mimi."

Kabla hawajapanda, mpishi wa shule alileta kikombe cha uji wa karanga. Ritha akanywa kidogo kidogo, Bibi akihesabu kila funda kooni mwake. Kisha akamfunga mgongoni kwa kanga. Alikuwa mwepesi kama yule wa kwanza, mwepesi vilevile. Bibi alipeleka mkono nyuma, akashika pindo lililokuwa wazi, nyuzi nyeusi zikining'inia, na hakuliachia njia nzima.