Maua ya Ng'ambo ya Ukuta

Mama yangu hana dogo. Ukimkanyaga mguu kwa bahati mbaya atakusamehe mwakani, na hata hapo atakukumbusha kwamba kiatu chako kilikuwa na tope. Nasema hivi nikiwa nampenda, ili mtu asishangae nikieleza jinsi alivyomnunia jirani mpaka jirani akafa.

Kisa chenyewe ni mmea. Si waridi wala kitu cha kuwatia watu wazimu. Ni mtambazi wa msituni, wenye majani mapana ya kijani kizito na vijizizi vinavyong'ang'ania ukuta. Mama alichukua kijiti chake katika msitu uliokuwa nyuma ya kwao, mwaka ule msitu ulipofyekwa. Utotoni aliuona ukichanua juu kabisa ya miti, maua meupe, na sasa hamu yake ilikuwa moja tu: auone ukichanua nyumbani kwake kabla macho hayajamwisha. Macho yenyewe yalikwisha kuanza kuingia ukungu.

Aliupanda kwenye uchochoro kati ya jiko na ukuta wa jirani, mahali ambapo bati limefunika juu na hata nguo hazikauki. Aliurundikia majani makavu shinani, akaunywesha maji ya mvua kutoka kwenye pipa, akawa anaufuta vumbi jani kwa jani kwa kitambaa kibichi. Sisi watoto wake hatukuwahi kufutwa pua kwa upole ule.

Jirani alikuwa fundi cherehani. Yeye na Mama walikuwa chanda na pete, nasi tulimwita Mama Mdogo. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, Mama alikuja kukaa kwangu, akamwachia Mama Mdogo ufunguo na mmea. Mama Mdogo akaingia uchochoroni, akauona umekaa gizani, akauhurumia. Akamwita mtu wa kuliondoa lile bati, ili na wenyewe, maskini wa Mungu, upate jua. Mama aliporudi alikuta majani yamebabuka yote na shina limekauka karibu na ardhi.

"Nilidhani nausaidia, dada yangu," alisema Mama Mdogo.

"Umeuua kwa kijicho chako," Mama alimjibu. "Mlango wangu usiuvuke tena."

Bati likarudishwa, na turubai likaongezwa juu yake. Mmea ulichipua tena kutoka mizizini, ukapanda ukuta hadi kwenye bati, ukakwama hapo. Majani tele, ua hata la dawa hakuna. Kila mwaka ulipopita bila kuchanua, Mama alimtwisha jirani lawama upya, kana kwamba ameuchoma jana.

Kisha ikaja habari ya marashi. Miaka kadhaa baada ya ugomvi ule, kila mvua zilipokwisha, jioni ilianza kuleta harufu tamu kutoka ng'ambo ya ukuta. Mama akakata shauri kwamba jirani anazeeka vibaya, anajipulizia manukato. "Bi Marashi leo anakwenda kuolewa wapi?" alisema uani, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, kisha akabamiza dirisha. Nilikuwapo siku moja, nikacheka mpaka nikashika mbavu. Mdomo wa Mama, usipoelekezwa kwako, unachekesha kweli.

Bi Marashi aliugua, wala hakuugua sana, akafariki. Mama alisema tuende kutoa pole, kwa sababu watu wangemsema. Alinishika mkono kwa kuwa haoni vizuri tena. Binti wa marehemu alitupokea mlangoni, akamtazama Mama kidogo, halafu badala ya kutukaribisha sebuleni akatupitisha moja kwa moja hadi uani.

Mama alinusa kwanza. Akasimama ghafla, akanivuta mkono.

Palikuwa na mparachichi mkubwa. Kutoka kivulini, kwenye shina lake, mtambazi ulikuwa umepanda, umefungwa hapa na pale kwa vipande vya vitambaa vya fundi, hadi kileleni kwenye mwanga. Kule juu ulikuwa umechanua wote.

"Kile cheupe kule ni nini?" Mama aliuliza.

"Maua, Mama."

"Ni wa kwako," binti akamwambia. "Ule ulioungua. Mama yangu aliokota kipande kilichobaki kibichi akakipanda hapa. Alikuja kugundua kwamba chini unataka giza, lakini kichwa lazima kifike juani ndipo uchanue. Alikuwa anautunza aje akurudishie."

Nilikumbuka kile kicheko changu, nikatamani ardhi inimeze.

"Sasa mbona hakuja kuniambia?" Sauti ya Mama ilianza kupanda, ile ya ugomvi, kisha ikakatika njiani.

"Alikuja, mama. Ulipochanua mara ya kwanza alikata ua, akavaa gauni lake zuri, akafika hadi getini kwenu. Akakusikia uani unamsema Bi Marashi. Akarudi. Basi kila mwaka ikawa hivyo hivyo, anasema safari hii nitagonga, anafika getini, anarudi."

Binti hakusema kwa ubaya. Afadhali angesema kwa ubaya, Mama angepata la kujibu.

Mama alipapasa hadi akapata kiti, akakaa. Petali zilikuwa zimemwangukia begani naye hakuzikung'uta.

"Ningemfungulia," alisema. "Haki ya Mungu, angegonga tu, ningemfungulia."

Binti alijifanya anapanga vikombe kwenye sinia.

"Si ningemfungulia?" Mara hii alikuwa ananiuliza mimi, amenigeuzia yale macho yake ya ukungu.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Ungemfungulia."

"Muongo wee," akasema, na ndipo alipoanza kulia.