Kilimi cha Sonia

Daktari Rwakabuba alikuwa amekwisha kuupaka mafuta mpira wa kupumulia, tayari kuupitisha puani mwa binti yangu. Mwenzake, Daktari Kabanda, akamshika mkono.

"Pua hapana. Mimi napita mdomoni, na taa, nione njia."

"Mtoto mdogo hivi atakubali kufungua mdomo? Pua ni haraka, bwana."

Sonia, mwaka mmoja na nusu, alikuwa mapajani pangu, shingo ameinyoosha, udenda unamchuruzika. Kila akivuta pumzi, koo lilikwaruza na mbavu zikaingia ndani. Gari la wagonjwa lilikuwa limetutoa kambi ya wakimbizi ya Nakivale hadi hospitali hapa Mbarara, na njia nzima sikusema lolote.

"Mama, amemeza kitu?" Kabanda aliuliza.

"Hapana."

Hapo sikudanganya. Lakini mama mkwe wangu, Bénédicte, alinikazia macho. Jana tulimpeleka Sonia kwa bibi mmoja wa Misiera, mtaa wa kambini, akamkata kilimi, kale kanyama kanakoning'inia kooni, ili kikohozi kiishe. Kwetu Kivu tulikatwa wote. Mikono ya mtoto niliishika mimi mwenyewe.

"Ukisema, batatufunga," mama mkwe alikuwa ameninong'oneza garini.

Rwakabuba akainama, ncha ya mpira ikagusa pua.

"Acha!" nilipiga kelele. "Balimukata kilimi! Jana, na wembe!"

Mpira ukabaki hewani.

"Mungu wangu," alisema Rwakabuba. "Ningekwenda kuchoma palepale kwenye kidonda."

"Mama Sonia, umetuuzisha kwa polisi!" mama mkwe alilia.

Kabanda hakumgeukia. "Tunapita mdomoni, kwa mpira mdogo. Na kisu kiwe karibu. Nikikosa mara mbili, tunatoboa shingo."

"Shingo ya nani?" niliuliza, kama mjinga.

Wakamchukua. Nikabaki nyuma ya pazia, mikono mitupu.

"Damu tupu. Sioni kitu," alisema Kabanda.

"Hiyo ni mara moja," Rwakabuba akahesabu.

Kisha yale makwaruzo yakakoma, ghafla. Nikaketi sakafuni nikilia.

Rwakabuba akatoa kichwa. "Usilie, mama. Hewa inapita kwenye mpira, ndiyo maana kumenyamaza. Shingo hatukuigusa."

Nilifuta machozi kwa kiganja.

Mama mkwe akaketi sakafuni kando yangu. "Mama Sonia," alisema polepole, "yule bibi, leo saa kumi, banamupelekea mutoto wa jirani yetu Miriamu."

Saa ya ukutani ilionyesha tisa na nusu. Nikainuka, nikaenda kwa muuguzi kuomba simu nimpigie Miriamu.