Mshenga Aliyekata Pumzi Goba

Kwa kuposa, Tandika nzima hakuna aliyemfikia Mzee Badru. Alikuwa na maneno laini, kanzu zilizonyooka, na kipaji cha kuwasifia wakwe hadi wakajisahau. Ila alikuwa na jambo moja ambalo watu wote walilijua isipokuwa yeye: alikoroma. Na si mkoromo wa kawaida. Mpangaji wa chumba cha pili alihama kwa sababu ya mkoromo huo, akasingizia shida ya maji.

"Mie sikoromi," alimwambia mkewe, Mwanaasha. "Ningekoroma ningejisikia."

"Unakoroma, kisha unanyamaza kama maiti, kisha unashtuka kama mtu aliyeopolewa kisimani. Utaniachia ujane wewe!"

"Uchovu tu huo."

Na kweli alichoka. Aliamka kichwa kinamgonga, akasinzia dukani huku akipima kitambaa, akasinzia kinyozi akimchonga ndevu. Presha nayo haikushuka, ingawa dawa alikunywa.

Jumamosi moja akaenda Goba na mpwa wake, Mudathir, kumposea. Mzee Suleiman, baba wa binti, aliwapokea na kuwakalisha kwenye makochi laini. Makochi hayo ndiyo yaliyoharibu mambo. Badru alifungua kwa dua, akasifu nyumba, akasifu ukoo, akafika mahali pake: "Tumeona ua humu ndani, nasi tumekuja..."

Sauti ikazama. Wenyeji wakasubiri, wakidhani anatafuta neno zuri zaidi. Kilichokuja ni mkoromo uliotikisa vikombe kwenye sinia.

"Mjomba!" Mudathir alimtikisa goti, akitamani ardhi immeze. Wapi! Mara mkoromo ukakatika. Kifua kikatulia, mdomo ukabaki wazi. Shangazi wa binti akaweka sahani yake chini taratibu.

"Inna lillahi," akanong'ona. "Kaja kutufia sie."

Hapo pazia likafunguka. Nusaiba, binti mwenyewe anayeposwa, ambaye kwa mila hakutakiwa hata kuchungulia, alitoka mbio, akamshika mshenga kidevu na kumgeuza ubavu. Badru akavuta pumzi kwa kishindo, akafumbua macho, akaendelea palepale alipoishia: "...kuomba tulichume."

Chumba kikaangua kicheko. Badru akamtazama binti. "Mbona nashikwa ndevu?"

"Shikamoo, baba," alisema Nusaiba, ambaye alikuwa muuguzi. "Hukulala tu, uliacha kupumua. Ukilala, nyama za koo zinalegea, njia ya hewa inaziba. Mwili unakushtua uvute pumzi, unalala tena, inaziba tena, mpaka asubuhi. Ndiyo maana mchana unakuwa hoi, na hata presha inaweza kupandishwa na hilo. Nenda ukapimwe."

"Marahaba, mwanangu. Lakini mie sikoromi."

"Unakoroma!" wakajibu wote kwa pamoja, wenyeji na wageni.

Alikwenda hospitali, akisukumwa zaidi na aibu kuliko hofu. Wakampa kifaa kidogo alale nacho nyumbani, kimefungwa kifuani na kidoleni. Daktari alipomwonyesha majibu, jinsi pumzi ilivyokatika na kukatika tena usiku kucha, mzee wa maneno aliomba aonyeshwe tena. Walipotoka nje akamgeukia Mwanaasha, aliyekuwa amemsindikiza.

"Kumbe miaka yote hiyo ulikuwa unanilinda."

"Nilikuwa nakosa usingizi," Mwanaasha akasema, kisha akamshika mkono. "Na kukulinda pia."

Akaambiwa apunguze mwili, alale ubavu, na atumie mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe. Alipoivaa mara ya kwanza na mpira wake ukining'inia, Mwanaasha alicheka hadi akakaa chini. "Jamani, nimeolewa na tembo!" Pua ilimkauka, barakoa akaing'oa usingizini, akaapa kuirudisha. Daktari akambadilishia iliyomkaa vizuri, na polepole akaizoea. Kichwa kikaacha kugonga. Dukani akawa anapima kitambaa hadi mwisho.

Tabu ikahamia kwa Mwanaasha. Kimya kilimtisha.

"Badru, upo?"

"Nipo! Lala, mwanamke!"

Posa ilikubaliwa; Mzee Suleiman alisema binti yake kishatoka mbele ya wageni wote, hakuna cha kuficha tena. Siku ya ndoa Badru alikaa mstari wa mbele, macho makavu, akasikiliza mawaidha yote tangu mwanzo. Alipotoka alimvuta mkewe pembeni.

"Hivi mawaidha ya harusi huwaga marefu namna hii?"

"Siku zote," akasema Mwanaasha. "Ndo umeyasikia leo."