Maua ya Mringaringa

Ndelilio aliikata miringaringa yake mitatu mwaka ule wa sabini na tatu, kwa shoka lake mwenyewe na kwa ubishi wake mwenyewe. Aliona kivuli kinaibana kahawa, na mbao alizitaka kwa paa la nyumba mpya. Mkewe Yuditha alimsihi abakize hata mmoja. Wapi! Mtu wa kichwa kigumu yule, ukimwambia aache ndiyo kwanza umemtuma.

Miezi miwili haikupita, mizinga ikawa kimya. Mizinga minne aliyoachiwa na marehemu baba yake, na ndani hamna hata nyuki mmoja! Ng'ambo ya mfereji, kwenye kihamba, shamba la nyumbani la kaka yake Filemon, nyuki walivuma mchana kutwa. Basi Ndelilio akakata shauri kwamba Filemon kawavuta kwa dawa. Akayasema hayo kilabuni, mbele ya wanywaji wa mbege, na kaka mtu amekaa palepale.

Filemon aliinuka akaenda zake. Jumapili alikuja na jani la sale mkononi. Kwa Wachagga, ukiletewa sale unasamehe, hata kosa liwe zito namna gani.

"Sijachukua kitu chako, mdogo wangu," alisema, "lakini naomba yaishe."

Ndelilio akamfungia mlango. Yuditha alilia, maana jambo kama lile hakuwahi kuliona tangu azaliwe.

Mwaka mzima ndugu wale hawakusalimiana, hata kanisani. Ndelilio aliipaka mizinga nta, akaihamisha huku na huko. Kundi la nyuki lilikuja kahawa ilipochanua, likakaa siku chache, likaondoka. Naye akazidi kumlaani kaka yake.

Siku moja wakipalia, uvumilivu ulimwishia Yuditha. "Baba Tabitha, hao nyuki wanakula nini hapa? Kahawa inachanua siku ngapi? Ikishapukutisha, walikuwa wanakimbilia miringaringa, kama wale wa Filemon wanavyokimbilia yake. Umewakatia chakula, halafu unahangaika kuwatengenezea nyumba! Wewe ungekaa kwenye nyumba isiyo na chakula?"

Ndelilio aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Akaacha jembe, akachuma sale mpakani, akavuka mfereji na maneno ameshayapanga: kaka, nimekosa.

Alimkuta Filemon amekaa juu ya gogo, shoka liko miguuni. Miringaringa yake yote ilikuwa chini. Mizinga alikuwa ameipasua kuni.

"Shikamoo, kaka," alisema Ndelilio.

"Marahaba. Nimeona nisipokuwa na nyuki, hutakuwa na sababu ya kunichukia."

Ndelilio alimnyooshea lile jani. Filemon akalipokea bila kusita. Nyuma yao, kwenye matawi yaliyolala chini, maua yalikuwa bado meupe, na nyuki waliyanyonya kwa pupa, hata yale yaliyokwisha kuanza kunyauka.